Sauti ya juu yenye mkwaruzo katika muziki wa roki: chimbuko lake ni wapi?

Mwanasanturi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka mingi nimekuwa msikilizaji wa muziki wa roki wa miaka ya 1970 na 1980, hususan AC/DC, Nazareth, Led Zeppelin na baadaye Guns N' Roses, na kuna jambo moja ambalo sijapata maelezo yake ya kuridhisha. Waimbaji wa bendi hizo ni wanaume watu wazima, na wakihojiwa wengi wao huzungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, hata nzito. Lakini wakianza kuimba hupanda hadi kimo ambacho katika kwaya zetu tungewaachia akina mama wa sauti ya kwanza, tena hupanda na mkwaruzo, mithili ya mtu aliyepwelewa sauti baada ya kushangilia mpira siku nzima. Brian Johnson wa AC/DC ndiye mfano ulio dhahiri zaidi: katika albamu ya "Back in Black" ya mwaka 1980 anaimba hivyo karibu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Kinachonitatiza ni kwamba watangulizi wanaotajwa kila mara hawaimbi hivyo. Elvis Presley alikuwa na sauti ya katikati iliyoshuka chini kwa urahisi, na kabla yake waimbaji wa kizungu waliovuma Marekani, akina Bing Crosby na Frank Sinatra, waliimba kwa upole, midomo ikiwa karibu na kipaza sauti. Nimewahi kuambiwa kwamba mwanzilishi ni Robert Plant wa Led Zeppelin mwaka 1969. Mwingine akaniambia ni pombe na sigara tu. Majibu yote mawili sikuyaamini. Je, mtindo huu ulianza na nani, ulipitia wapi hadi kuwafikia vijana wa Uingereza na Australia, na kwa nini uliwakaa wanaroki kuliko waimbaji wengine? Ningeshukuru kupata majibu yenye majina na miaka, ili niende kusikiliza mwenyewe.

MzeeWaBluzi alijibu:

Ndugu Mwanasanturi, umefanya vyema kutoyaamini majibu hayo. Katika ukoo huu Robert Plant ni mjukuu, si babu. Alizaliwa mwaka 1948, na alipokuwa bado mtoto wa miaka saba, kijana mmoja mweusi wa mji wa Macon, jimbo la Georgia, alikuwa tayari ameiingiza sauti hiyo kwenye santuri. Kijana huyo aliitwa Richard Penniman, na dunia inamfahamu kwa jina la Little Richard. Mwezi Septemba mwaka 1955 aliingia katika studio ya Cosimo Matassa mjini New Orleans kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Specialty, na kwa saa nyingi aliimba bluzi za polepole ambazo mtayarishaji wake, Bumps Blackwell, aliziona hazina uhai. Walipotoka kwenda kula katika klabu ya Dew Drop Inn, Richard aliona piano na watu wa kumtazama, akairukia na kuanza kuimba wimbo wa kihuni aliokuwa akiuimba vilabuni. Blackwell alitambua papo hapo kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi. Alimwita mtunzi Dorothy LaBostrie ayasafishe maneno, wakarudi studio, na "Tutti Frutti" ikapatikana muda waliolipia ukiwa unakaribia kwisha.

Ukiusikiliza wimbo huo kwa makini utabaini mambo mawili: kwanza, sauti ya kifua inayosukumwa juu hadi ikakwaruza, pili, ule mwito mfupi wa "wuu" unaoruka ghafla kwenye falseto, yaani ile sauti nyembamba ya juu, na kurudi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililozaliwa katika klabu ya pombe. Richard alikulia katika makanisa ya Macon, ya Kimethodisti, ya Kibaptisti na ya Kipentekoste, na mwenyewe alipenda zaidi ya Kipentekoste kwa sababu ya muziki wake. Kwa jinsi alivyopaza sauti, waumini walimpachika jina la mwewe wa vita. Mwezi Oktoba mwaka 1947 Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mpiga gitaa aliyelelewa katika madhehebu ya Church of God in Christ, alikuja kutumbuiza katika ukumbi wa City Auditorium, ambako kijana Richard alikuwa akiuza soda. Alimsikia akiimba nyimbo zake kabla ya onyesho, akampandisha jukwaani, na baadaye akamlipa. Richard hakuwa hata ametimiza miaka 15.

Vuguvugu la Kipentekoste, ambalo liliwaka kwa nguvu Los Angeles mwaka 1906 chini ya mhubiri mweusi William Seymour, lilihalalisha jambo ambalo makanisa mengi ya heshima yalilionea haya, yaani mwabuduo wa kupaza sauti hadi ipasuke. Yeyote aliyewahi kukaa katika mkutano wa injili hapa Afrika Mashariki anaufahamu mwenendo huo: mhubiri huanza kwa utulivu, husema kwa vipande vifupi vifupi, hupanda kadiri anavyozidi kuzama, na mwishowe koo hukwaruza na maneno yenyewe hayasikiki sawasawa. Mkwaruzo huo haukuhesabiwa kuwa kasoro ya uimbaji. Ulikuwa ushahidi kwamba mtu amejitoa mzima. Makundi ya injili ya wanaume yaliubeba hadi kwenye santuri. Archie Brownlee, kiongozi wa Five Blind Boys of Mississippi, alirekodi "Our Father" mwaka 1950 kwa kampuni ya Peacock ya Houston, na anachokifanya humo kwa koo lake ndicho utakachokisikia baadaye kwa Ray Charles na James Brown. Julius Cheeks wa Sensational Nightingales naye ndiye aliyekuwa kielelezo cha Wilson Pickett, ambaye kabla ya kuvuma aliimba injili na kundi la Violinaires huko Detroit.

Naomba nikae Macon kidogo zaidi, kwa kuwa ajabu ya mji ule haisemwi vya kutosha. Meneja mmoja wa hapo, Clint Brantley, aliwashughulikia Little Richard na James Brown kwa pamoja. "Tutti Frutti" ilipovuma, Richard alihamia Los Angeles na kuacha nyuma maonyesho yaliyokwisha kupangwa, na Brantley akampeleka James Brown kuyaziba. James Brown alirekodi toleo la kwanza la "Please, Please, Please" katika kituo cha redio cha mji huohuo. Otis Redding naye alikulia hapohapo, akashinda mashindano ya vipaji katika ukumbi wa Douglass, akaimba na Upsetters, bendi ambayo zamani ilikuwa ya Richard, na santuri zake za mwanzo zinamwiga Richard bila kificho.

Kuhusu safari ya kuvuka bahari, mwaka 1957, akiwa ziarani Australia, Richard alitangaza kwamba anaachana na muziki wa dunia, kisha akaenda kusoma katika chuo cha Wasabato cha Oakwood, Huntsville, Alabama. (Wasabato wenzangu hawaamini nikiwasimulia.) Alipokwenda Uingereza mwezi Oktoba mwaka 1962, katika ziara moja na Sam Cooke, alikusudia kuimba injili, ukumbi ulipopoa ilhali Cooke anashangiliwa, akairudia roki yake. Mwezi huo Beatles walitumbuiza pamoja naye New Brighton, karibu na Liverpool, na mwezi uliofuata wakakutana naye tena Hamburg. Paul McCartney, aliyekuwa akimwiga tangu shuleni, alipata kumtazama kwa karibu usiku baada ya usiku. Tarehe 11 Februari 1963 Beatles walirekodi nyimbo kumi kwa siku moja, na "Twist and Shout", ambayo waliichukua kwa Isley Brothers, iliachwa makusudi iwe ya mwisho kwa sababu mtayarishaji George Martin alijua kwamba itamaliza koo la John Lennon, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua. Jaribio la kwanza ndilo lililotumika. Plant alipoingia studio mwishoni mwa mwaka 1968 kurekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, sauti hiyo ilikuwa imekwisha kuzoeleka Uingereza.

Fundi_Amplifaya alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Historia yako siipingi hata neno moja, lakini haijibu swali la tatu la ndugu yetu, nalo ndilo gumu. Kama chimbuko ni kanisa peke yake, mbona waimbaji wa Memphis na Detroit, ambao walikuwa karibu zaidi na kanisa hilo, hawakubaki huko juu? Otis Redding alipanda pale wimbo ulipodai, kisha akashuka. Wanaroki wa Uingereza ndio waliogeuza kilele kuwa makazi, na sababu naiona katika mitambo.

Jim Marshall alianza kutengeneza amplifaya katika duka lake London mwaka 1962. Kufikia mwaka 1965 Pete Townshend wa The Who alikuwa amemwomba mtambo wa wati 100, uliorundikwa juu ya spika nane za inchi 12. Wakati huo mwimbaji aliachiwa vipaza sauti vya ukumbi, ambavyo mara nyingi vilifungwa kwa ajili ya hotuba, na spika za kumrudishia sauti yake pale jukwaani zilikuwa hazijaenea. Sasa fikirini anashindana na nini. Waya mnene wa gitaa la besi hutetema karibu mara 41 kwa sekunde, na wa gitaa la kawaida karibu mara 82. Mwanaume wa sauti nzito anaimba ndani ya eneo hilohilo ambalo magitaa yamelijaza. Sikio la binadamu, kwa upande mwingine, husikia kwa wepesi zaidi mitetemo iliyo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Sauti iliyopandishwa na kukwaruzwa hutoa mitetemo mingi katika eneo hilo, kwa hiyo hupenya hata pale ambapo haina nguvu kubwa ya kuishinda bendi.

Ushahidi wangu ni Deep Purple. Ian Gillan alijiunga nao mwaka 1969, na katika "Child in Time" ya mwaka 1970 anaanza chini na kwa upole wakati kinanda cha Jon Lord kimetulia. Kadiri bendi inavyoongeza kishindo, ndivyo anavyopanda, hadi anaishia kwenye mayowe matupu. Bendi hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kitabu cha rekodi za Guinness kuwa yenye kelele kuliko zote, kwa desibeli 117 zilizopimwa katika ukumbi wa Rainbow, London, mwaka 1972. Ukiwa mbele ya kelele kama hiyo huchagui mtindo wa kuimba kwa kuwa unaupenda tu.

MwalimuWaSauti alijibu:

Wakuu, nafundisha uimbaji kanisani na kwa vijana wa bendi, na naona hoja zenu zinachanganya vitu viwili ambavyo kooni vinatoka mahali tofauti. Kimo ni kimoja, na mkwaruzo ni kingine. Louis Armstrong alikwaruza maisha yake yote bila kupanda. Rob Halford wa Judas Priest hupanda kwa sauti ambayo mara nyingi ni safi na kali kama wembe. Arthur Brown, Mwingereza aliyevuma mwaka 1968 kwa wimbo "Fire", aliwapa wengi hamu ya yale mayowe ya juu, lakini hakuwa mtu wa bluzi kwa maana ambayo Mzee anaieleza. Brian Johnson, Dan McCafferty wa Nazareth na Axl Rose wa Guns N' Roses ndio walioviunganisha viwili hivyo kwa muda mrefu ndani ya wimbo mmoja, na hao hasa ndio Mwanasanturi anaowauliza.

Kimo hutokana na nyuzi za sauti kunyooshwa na kukazwa. Mtu akiendelea kutumia sauti nzito ya kifua huku anapanda, badala ya kuteleza kwenye falseto, hupata ule mlio wa kuita kwa mbali ambao tunausikia pia kwa wachungaji wa mifugo na wapiga debe wa stendi. Mkwaruzo, kwa mwimbaji anayejua anachokifanya, sehemu kubwa hautoki kwenye nyuzi hizo. Juu yake kidogo kuna jozi nyingine ya mikunjo laini ambayo katika usemaji wa kawaida haina kazi ya kutoa mlio. Mwimbaji huibana kiasi, pumzi ikaitetemesha, nayo ikatia vumbi juu ya noti ambayo chini yake ni safi. Asiyejua hilo hukwaruza kwa kusuguanisha nyuzi zenyewe, na huyo ndiye anayeota vinundu. Bonnie Tyler wa Wales alifanyiwa upasuaji wa vinundu katika miaka ya 1970, akaamriwa anyamaze kwa majuma kadhaa, akashindwa, na sauti iliyobaki baada ya hapo ndiyo iliyoimba "It's a Heartache" mwaka 1977. Kwake ilikuwa ajali iliyogeuka riziki, lakini ajali za namna hiyo siwaombei wanafunzi wangu.

Ushahidi bora nilionao unamhusu mtoto wa Zanzibar. Freddie Mercury, aliyezaliwa huko mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, hakuwa mwimbaji wa mkwaruzo wa kudumu, ila aliutumia kwa ustadi pale alipoutaka. Mtafiti Christian Herbst na wenzake walichapisha uchambuzi wa sauti yake mwaka 2016. Katika mahojiano sauti yake ya kuzungumza ilikuwa na wastani wa mitetemo takriban 117 kwa sekunde, ambayo ni ya mwanaume wa sauti ya kati na si ya tenori kama wengi tunavyodhani. Kisha walimchukua mwimbaji mwingine wa roki amwige, wakampiga picha kooni kwa kamera ya zaidi ya picha 4,000 kwa sekunde, na wakaona ile mikunjo ya juu ikitetema pamoja na nyuzi za sauti, mara moja kwa kila mitetemo mitatu ya nyuzi hizo. Mzee atafurahi kusikia kwamba Freddie alipokuwa shule ya bweni Panchgani, India, alipiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, na miongoni mwa nyimbo walizopiga ni za Little Richard.

Mwanasanturi alijibu:

Nawashukuru nyote. Mwalimu, maelezo ya ile mikunjo yamenifungua, maana sasa naelewa kwa nini mtu anaweza kuimba hivyo miaka mingi na bado akahojiwa kwa sauti ya kawaida. Hata hivyo bado kuna pengo. Fundi anasema mitambo iliwalazimisha wanaume wapande, lakini Little Richard alipanda mwaka 1955, wakati amplifaya za wati 100 hazikuwepo. Na kama aliitoa ile "wuu" kanisani, alimsikia nani akiifanya? Pia ningependa kujua ni kwa njia gani hasa AC/DC walifikia kumchagua Johnson.

BintiMalindi alijibu:

Kaka Mwanasanturi, jibu la pengo lako umelitaja mwenyewe katika swali la kwanza uliposema kimo hicho tungewaachia akina mama. Hao kaka zetu hawakukaa mahali patupu. Walipanda hadi mahali ambapo wanawake walikuwapo tayari. Nimesoma majibu yote na nimeona Sister Rosetta Tharpe akitajwa kwa kumpandisha Richard jukwaani, kana kwamba kazi yake ilikuwa kufungua mlango. Zaidi ya hapo hakuna mwimbaji wa kike aliyetajwa hadi alipofika mwenye vinundu.

Ile "wuu" ina mwenyewe. Anaitwa Marion Williams, mzaliwa wa Miami wa mwaka 1927, aliyejiunga na kundi la injili la Clara Ward mnamo mwaka 1947. Alikuwa na uwezo wa kunguruma chini kama mhubiri kisha, ndani ya pumzi ileile, kurusha mlio mwembamba juu kabisa na kurudi. Little Richard hakuficha kwamba aliutoa kwake. Mwaka 1993 Marion Williams alipotunukiwa heshima ya Kennedy Center huko Washington, Richard alikuwa miongoni mwa waliomwimbia, na Marion alifariki mwaka uliofuata bila wanaroki wengi kulijua jina lake. McCartney anapoitoa "wuu" hiyo katika nyimbo za Beatles, naye anaiga mwanamke huyo, pengine bila habari.

Upande wa bluzi kuna Big Mama Thornton, aliyerekodi "Hound Dog" mwaka 1952, miaka minne kabla ya Elvis. Ukilinganisha matoleo hayo mawili utaona mara moja ni lipi lililozaa roki ya baadaye: yeye ananguruma, anabweka, anaichana sauti makusudi. Yeye huyo ndiye aliyekuwa na wimbo "Ball and Chain", ambao Janis Joplin, msichana wa kizungu wa Port Arthur, Texas, aliuimba katika tamasha la Monterey mwezi Juni mwaka 1967. Joplin alikuwa mwanafunzi mkweli wa watu hawa. Alikwenda ukumbi wa Fillmore kumsikiliza Otis Redding, na mwaka 1970, miezi michache kabla ya kufa kwake, alichangia gharama za jiwe la kaburi la mwimbaji wa bluzi Bessie Smith, ambalo lilikuwa halina alama. Namtaja kwa kusudi, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kusimama mbele ya magitaa ya umeme yenye kelele na kuichana sauti wimbo mzima kabla Led Zeppelin haijaundwa. Fundi anapotafuta mtu wa kwanza kugeuza kilele kuwa makazi, aanze kwa Joplin.

Kisha yupo Tina Turner, mzaliwa wa Nutbush, Tennessee, aliyeanza kuimba katika kanisa la Kibaptisti. Mwaka 1960 mwimbaji wa kiume aliyekusudiwa kurekodi "A Fool in Love" hakutokea studio, na Tina akaimba ili kuhifadhi tu nafasi yake. Mkwaruzo uliomo humo ndio uliomfanya ajulikane. Sasa kuhusu swali lako juu ya AC/DC. Bon Scott, mwimbaji wao wa awali, alipofariki mwezi Februari mwaka 1980, bendi ilifanya majaribio ya waimbaji London, na Brian Johnson akaitwa kutoka upande wa Newcastle. Alipoulizwa angependa kuimba nini, alichagua "Nutbush City Limits" ya Ike na Tina Turner. Baada ya hapo ndipo walipopiga "Whole Lotta Rosie", wimbo wao wenyewe. Sitaki kutia chumvi, ila ni jambo la kutafakari kwamba sauti inayosifiwa kuwa ya kiume kupita zote katika roki ilipata ajira kwa wimbo wa mwanamke, ulio juu ya kijiji cha mwanamke huyo.

Fundi_Amplifaya alijibu:

Dada BintiMalindi, hoja ya Joplin naipokea kwa mikono miwili, tena inanisaidia: kundi lake la Big Brother and the Holding Company lilikuwa maarufu San Francisco kwa kelele za magitaa kuliko kwa ustadi wa kupiga. Ninachosisitiza ni kwamba mtindo unaweza kuzaliwa mahali pamoja kwa sababu moja na kudumu mahali pengine kwa sababu nyingine. Hata kabla ya amplifaya kubwa, Big Joe Turner alikuwa muuza baa Kansas City aliyeimba huku akihudumia wateja, bila kipaza sauti, akishindana na piano na makelele ya walevi. Waimbaji wa namna yake walichagua nguvu. Sauti zao zilikuwa nene. Magitaa ya umeme yalipokwisha kuumeza unene huo, ilibaki njia ya juu tu.

MzeeWaBluzi alijibu:

Marahaba, Fundi, na ahsante sana, Binti yangu, kwa kumtaja Marion Williams. Naongeza mambo machache kisha niwaachie wengine.

Wapo wanaosema kwamba sauti ya mkwaruzo inaliiga gitaa la umeme lililovurugwa, yaani ambalo mlio wake umekwaruzwa makusudi kwa mitambo. Tarehe zinakataa. Blind Willie Johnson wa Texas alirekodi Dallas mwaka 1927 kwa kampuni ya Columbia, akiimba nyimbo za dini kwa sauti iliyochanika kabisa, ilhali gitaa lake ni la kawaida lisilo na umeme. Sauti yake ni ya chini, hivyo simweki katika ukoo wa sauti ya juu, lakini kwa upande wa mkwaruzo anatangulia gitaa lililovurugwa kwa zaidi ya miaka 20. Led Zeppelin walimfahamu vizuri; "Nobody's Fault but Mine" waliyoitoa mwaka 1976 inatokana na wimbo wake. Kuigana kati ya koo na gitaa kulikuja baadaye, na mahali pazuri pa kukusikia ni "You Shook Me" katika albamu yao ya kwanza, ambapo Plant na mpiga gitaa Jimmy Page wanafuatana noti kwa noti hadi mwisho. Plant mwenyewe alikuwa na deni la karibu zaidi kwa Steve Marriott wa Small Faces, kijana wa London mwenye mwili mdogo na koo la mhubiri. Santuri yao "You Need Loving" ya mwaka 1966 ilitokana na wimbo wa Willie Dixon uliorekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962, na ukiisikiliza utaisikia "Whole Lotta Love" miaka mitatu kabla haijatoka. Dixon alifungua kesi mwaka 1985 na wakamalizana nje ya mahakama.

Kuhusu Johnson, kuna habari inayotangulia majaribio ya London. Angus Young, mpiga gitaa wa AC/DC, amesimulia kwamba Bon Scott, ambaye alimpenda sana Little Richard, aliwahi kuwaeleza juu ya mwimbaji wa bendi ya Geordie aliyemwona Uingereza, akimsifu kwa kupiga mayowe kama Richard na kugaagaa sakafuni. Mwimbaji huyo ndiye Johnson. Inasimuliwa pia kwamba usiku ule alikuwa akigaagaa kwa maumivu ya kidole tumbo, na Bon akadhani ni sehemu ya onyesho! Kwa upande wa Axl Rose, njia ni fupi: yeye alimsikiliza Dan McCafferty, na mwaka 1993 Guns N' Roses waliurekodi upya wimbo wa Nazareth, "Hair of the Dog".

MwalimuWaSauti alijibu:

Nyongeza fupi kwa Mwanasanturi, kwa kuwa aligusia kudumu kwa sauti hizi. Mwaka 2016 Johnson alilazimika kuacha ziara ya AC/DC katikati, na nafasi yake akashika Axl Rose. Madaktari walikuwa wamemwonya kwamba akiendelea atapoteza kabisa uwezo wa kusikia. Koo lilikuwa zima, akiwa na umri wa miaka 68, na aliporudi katika albamu ya "Power Up" mwaka 2020 aliimba katika kimo kilekile.